Kizunguzungu cha alfajiri

Mjomba alirudi Tanga kutoka Dar es Salaam akiwa na kovu refu kifuani, kovu jingine kwenye mguu wa kushoto ulikotolewa mshipa wa kupandikiza moyoni, na mfuko wenye dawa za aina sita. Wiki ya tano baada ya upasuaji, alipoinuka kitandani kwenda kutawadha kwa sala ya alfajiri, miguu ilimlegea mlangoni mwa bafu. Mkazamjomba akamdaka kabla hajafika chini. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa moyo kwa miaka mingi, na siku hizo nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nikaitwa asubuhi ile ile.

Nilimkuta ameketi barazani. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, dawa hizi ndizo zinazoniua. Tangu leo sinywi hata kimoja."

Wagonjwa wengi hufikia hapo, na siwalaumu. Mtu amepasuliwa kifua ili apone, halafu vidonge vinampa kikohozi, kizunguzungu, uchovu na miguu ya kuvimba, wala hakuna aliyemweleza kipi kinatokana na kipi. Lakini kuziacha zote kwa mkupuo kungemweka pabaya kuliko kizunguzungu chenyewe, hasa kwa sababu ya bisoprololi. Dawa hiyo hupunguza kasi ya moyo kwa kuziba vipokezi vya adrenalini, homoni inayouharakisha moyo. Vikizibwa kwa wiki kadhaa, mwili huongeza vipokezi vingine. Ukikata dawa ghafla, adrenalini inakuta milango mingi iliyo wazi: moyo unakimbia, presha inapanda kwa kasi, na mtu mwenye maradhi ya mishipa ya moyo anaweza kupata maumivu makali ya kifua au hata shambulio la moyo. Nikamwomba Mjomba asiamue lolote mpaka nimpime.

Nilimlaza kitandani dakika tano bila mazungumzo. Mkanda wa mashine ya presha niliufunga juu ya kiwiko, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Nilihakikisha kwanza kwamba mkanda unamtosha, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko presha halisi. Akiwa amelala alisoma 128 kwa 74, mapigo 58. Tukamsimamisha kando ya kitanda, mkazamjomba kamshika upande mmoja. Baada ya dakika moja, 102 kwa 62. Dakika ya tatu, 100 kwa 60, mapigo 61, na macho yameshaanza kuona kiza. Tukamketisha.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, tatizo limeshajulikana: presha inashuka mtu anapoinuka. Kliniki walikuwa wakimpima ameketi tu, na ameketi namba zilikuwa nzuri. Zaidi nilitazama mapigo. Kwa kawaida presha ikiporomoka hivyo, moyo huongeza kasi kufidia. Wa Mjomba uliongeza mapigo matatu tu, kwa sababu bisoprololi ilikuwa imeushika. Kwa hiyo lilikuwa limebaki swali moja: nini kinaishusha presha yenyewe?

Nikamwaga mfuko mezani. Aspirini miligramu 75 ya kuzuia damu isigande, atovastatini 40 ya lehemu, bisoprololi 5, lisinoprili 10, amlodipini 5 na furosemidi 40, ile ambayo wengi huiita Lasix. Zote alikuwa akizinywa pamoja baada ya isha, ili asisahau. Furosemidi ikinywewa mdomoni huanza kukojoza ndani ya saa moja na hufanya kazi kwa takriban saa sita. Basi usiku mzima alikuwa anaamka kwenda haja ndogo, na alfajiri anasimama akiwa amekauka, huku dawa nyingine tatu, yaani bisoprololi, lisinoprili na amlodipini, zikiishusha presha kwa pamoja.

Furosemidi alipewa kwa sababu ya haki kabisa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo kwa kutumia mashine ya kusukuma damu hutoka na maji mengi mwilini, na kidonge hicho huyatoa mpaka uzito urudi ulipokuwa. Kwenye karatasi yake uzito wa kabla ya upasuaji ulikuwa kilo 76, na siku ya kuruhusiwa kilo 80. Mzani wa nyumbani ulisoma 73. Sehemu ya upungufu huo ni misuli na chakula alichokuwa anakiacha, lakini ulimi ulikuwa mkavu na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Karatasi haikuandika siku ya kuacha furosemidi. Kasoro hii nimeiona kwa wagonjwa wengi, na inaniudhi kila mara, kwa sababu mstari mmoja wa maandishi ungetosha.

Ndani ya mfuko ule ule kulikuwa na tembe za diklofenaki, zilizonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya kifua kila anapokohoa. Hizo nilizitoa pale pale. Diklofenaki hubana damu inayoingia kwenye figo, na ukiichanganya na lisinoprili pamoja na dawa ya kukojoza, figo hupigwa kutoka pande tatu. Kwa mtu aliyepandikizwa mishipa ya moyo haifai hata peke yake. Kwa maumivu ya mfupa wa kifua nilimpa parasetamoli, gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku.

Nilimpigia simu daktari wake wa moyo nikamsomea namba zote, za kulala na za kusimama, mapigo na uzito. Akasimamisha furosemidi siku hiyo hiyo. Bisoprololi na amlodipini zikahamia asubuhi baada ya kifungua kinywa, atovastatini ikabaki usiku. Akataka damu ipimwe kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu, madini ya mwilini, na Mjomba apimwe uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula, kwa mzani ule ule. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, au akishindwa kupumua akilala chali, tupige simu bila kusubiri kliniki.

Kikohozi ndicho kilichomchosha kuliko yote. Kilikuwa kikavu, cha kuwasha kooni, na usiku kilizidi. Mkazamjomba alikuwa amemaliza tangawizi na asali ya nyumba nzima. Haviwezi kusaidia, kwa sababu lisinoprili huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake nyingine ni kuvunja bradikinini, kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe, na bradikinini ikirundikana kwenye njia za hewa huziwasha. Kupunguza dozi mara nyingi hakuleti nafuu. Hata hivyo hapa kwetu kikohozi cha wiki mbili hakiachwi bila kufikiria kifua kikuu, na baada ya upasuaji wa moyo ni lazima kufikiria pia maji kwenye mapafu. Hakuwa na homa wala makohozi, na akilala chali hakikuongezeka. Picha ya kifua ilitoka safi. Ndipo daktari akaondoa lisinoprili na kuandika losatani miligramu 50, ambayo hushusha presha kwa njia iliyo karibu na ile bila kuigusa bradikinini.

Nilimwambia Mjomba mapema kwamba kikohozi hakitakatika kesho yake. Huchukua wiki moja mpaka nne, na kwa baadhi ya watu hata miezi mitatu. Asiyeambiwa hivyo huona dawa mpya nayo haifai, akaitupa.

Kwa muda huo ilibidi kukilinda kidari. Mfupa huo hukatwa katikati na kufungwa kwa nyaya, na huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuunga. Mto laini wa kulalia hausaidii, unabonyea tu. Nilikunja taulo kubwa, nikaizungushia kanga na kuifunga ikawa ngumu. Akihisi kikohozi kinakuja anaketi wima, anakunja magoti kidogo, anaikumbatia taulo kwa mikono yote miwili na kuibana kifuani, ndipo anakohoa. Kuinuka kitandani anageuka ubavu, anashusha miguu, anajisukuma kwa kiwiko, kisha anakaa dakika mbili akichezesha vifundo vya miguu kabla ya kusimama. Kila asubuhi niliweka kiganja kwenye kovu na kumwambia akohoe, nisikie kama mfupa unagonga au kuteleza. Ulikuwa imara.

Majibu ya damu yalionyesha potasiamu 5.2, juu kidogo ya kikomo cha kawaida ambacho ni 5.0, na hiyo ni wakati alikuwa bado na furosemidi, ambayo huitoa potasiamu kwenye mkojo. Nikauliza anakunywa nini. Majirani walikuwa wanamletea madafu kila siku, mawili au matatu, kwa nia njema kabisa. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, lisinoprili huizuia isitoke mwilini, na losatani hufanya vivyo hivyo. Ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo. Tulisimamisha madafu, tukawaomba majirani walete machungwa mawili matatu kwa wiki badala ya kapu, na kumwongezea maji ya kawaida. Kipimo cha wiki mbili baadaye kilisoma 4.6.

Miguu ilibaki imevimba kidogo jioni. Amlodipini hutanua mishipa midogo inayoleta damu lakini haitanui ile inayoirudisha, basi maji huvuja kwenye vifundo, na dawa ya kukojoza haiwezi kuyaondoa. Mguu wa kushoto ulivimba zaidi kwa sababu ya mshipa uliotolewa. Daktari aliiacha dozi ya 5 kwa sababu losatani huelekea kupunguza uvimbe wa aina hiyo, na Mjomba akawa anainua miguu juu ya mito akiwa barazani.

Kabla sijarudi kazini nilimwandikia mkazamjomba karatasi moja ya dalili za hatari, nikaibandika mlangoni mwa kabati. Mapigo chini ya 50 na mzee anajisikia vibaya, piga simu kabla ya kumpa bisoprololi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, apelekwe siku hiyo hiyo, huenda ni damu iliyoganda. Midomo, ulimi au uso ukivimba, hata baada ya lisinoprili kuachwa, asisubiri simu ya mtu yeyote: apelekwe hospitali hapo hapo, na boksi la dawa liende naye.