Leo nimeandika "Kiganda"

Ni miezi sasa nakusanya bibliografia ya maandishi ya Wayahudi na maisha ya jumuiya zao Afrika Mashariki. Kazi ya usiku, watoto wakishalala.

Safu ya lugha imekuwa ileile: Kiingereza, Kijerumani, Kiebrania, Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki). Mengi yanahusu mpango wa 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ardhi Uasin Gishu. Wakauita mpango wa "Uganda", na ardhi yenyewe iko Kenya! Kila mara naongeza maelezo, msomaji asipotee.

Leo nikafika kwa Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda.

Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, na hapo ndipo Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, walipoanzia. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha sala na kanuni za imani yao.

Kwenye safu ya lugha nikaandika: Kiganda.

Nikaacha kuchapa. Nikalitazama neno lile, limekaa chini ya Kiyidi na Kijerumani kama vile lilikuwa likingojewa. Machozi yakanilengalenga.

Jamani, nani ana bibi au babu wa Mbale au Nairobi aliyeacha kijitabu, barua, hata kalenda ya sinagogi? Niambieni hapa.