Nilivyotuliza kiuno bila kuacha lindo

Nalinda ghala moja Kurasini, Dar es Salaam, zamu ya usiku: naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Maumivu yangu yalikaa chini kabisa ya mgongo, na yalizidi alfajiri nikiinuka kwenda kufungua geti. Nilishika ukuta ndipo ninyooke.

Lindoni kila mtu tabibu. Mwanaume akiumwa kiuno huambiwa ni ngiri, na dawa yake inauzwa stendi kwenye chupa za maji. Wengine wakasema figo. Daktari alinipima mkojo, akaniinamisha, akanigonga magoti, akasema figo ni nzima na eksirei haina haja, maana sikuwa na dalili za hatari. Alinitajia dalili hizo, nami kila mlinzi mgeni namwambia: ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba, mkojo au choo kutozuilika, mguu kuishiwa nguvu, homa, kukonda bila sababu. Ukiona mojawapo, usisubiri zamu iishe, nenda hospitali.

Aliyenifaa zaidi ni dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. "Baba, hebu nionyeshe unavyokaa kazini." Nikakaa kama ninavyokaa kwenye kreti ya soda, mgongo umepinda, viwiko magotini. Akaniambia hakuna mkao unaofaa kwa saa 12. Misuli huchoka ikishikiliwa vilevile muda mrefu, uwe umekaa au umesimama, na kulala kitandani siku nzima nako hakuponyi.

Tangu hapo usiku nimeukatakata. Nakaa kidogo, nasimama, nazunguka ukuta hata saa ya doria haijafika. Nikisimama getini naweka mguu mmoja juu ya tofali, baadaye naweka wa pili. Kiuno kinapata nafuu palepale. Tochi, redio na rungu vilikuwa vyote upande mmoja wa mkanda, nikavigawa. Asubuhi kabla ya usingizi najilaza chali mkekani, nakunja magoti, nainua nyonga taratibu na kuishusha, kisha navuta goti mojamoja kifuani. Mwanzoni inauma kidogo, lakini ndiyo iliyonisaidia kuliko vidonge. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nanywa siku chache tu ikibidi, nikiwa nimeshakula, kwa sababu ukiiendekeza inaumiza tumbo na figo.

Kigumu kilikuwa kiti. Mlinzi akionekana amekaa, wakubwa wanahesabu amelala. Nikamfuata msimamizi: "Afande, siombi kulala. Naomba tupokezane, mmoja getini, mwingine doria, kila saa tubadilishane." Nikamkumbusha pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwamba anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Nilisema kwa heshima, na mwenzangu alisimama nami. Peke yangu nadhani asingenisikiliza. Kupokezana alikubali siku ileile. Kiti chenye egemeo kilichelewa, lakini kilikuja, na koti nalikunja nyuma ya kiuno.

Sasa geti nalifungua bila kushika ukuta. Ila mpokezi asipotokea asubuhi nikaunganisha zamu, maumivu hurudi na kukaa siku mbili tatu. Saa 24 lindoni si halali, maana sheria hiyohiyo imeweka ukomo wa saa 12 kwa siku, pamoja na za ziada. Ndiyo maana tunadai awepo mtu wa akiba wa kupokea lindo, na barua tumeshaipeleka.