Filamu yangu, wiki ya sita: muuaji hana pa kujificha Lamu

Wiki hii tumeshuti sini moja tu, na hiyo moja imenilazimisha kuandika upya nusu ya hadithi.

Mwanzo nilipanga hivi: mgombea anapigwa risasi Mkunguni, mbele ya ngome, na muuaji ni mgeni anayetokomea vichochoroni. Kosa langu ni kuitazama mno The Parallax View, filamu ya Alan J. Pakula ya 1974 kuhusu mauaji ya kisiasa. Mpiga picha wake, Gordon Willis, anawaacha watu wawe vidudu chini ya majengo makubwa, mpaka unahisi kuna jambo limewazidi. Mimi nina kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wanapishana kwa taabu. Mtu akipita hapa anajaa picha nzima.

Pigo lenyewe lilitoka kwa mzee anayeigiza muuza kahawa. Alizisoma kurasa zake, akanirudishia. "Mwanangu, mgeni gani huyo apite ndia hii asiulizwe atoka wapi? Mui wote utamjua kabla hajafika sokoni."

Sikuwa na jibu. Basi muuaji sasa ni mtu wa hapa hapa. Waliokaa barazani wamemwona, wameitikia salamu yake, na tume ya kuchunguza mauaji ikija hakuna aliyeona kitu. Nilimkumbuka Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi, mchana kweupe. Aliyehukumiwa kwa kumpiga risasi alinyongwa, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni swali analosemekana kuliuliza: mbona hamumwendei yule mkubwa?

Bastola haionekani kabisa. Kwa hali ya usalama ya huku sitaki mtu atimue mbio kwa ajili ya plastiki (na chifu nilimwarifu, hata hivyo). Mlio tumeutoa kwenye mlango wa mbao wa nyumba ya shangazi, tukiubamiza. Mara tatu ulilia kama mlango. Mara ya nne, pa! Mwangwi ukapanda katikati ya kuta. Punda aliyefungwa nje akasimamisha masikio, kisha akageuza kichwa polepole, akaitazama kamera. Nyuma yake wanywaji kahawa hawakutikisika, kama nilivyowaagiza. Punda sikumwagiza. Nimemwacha.

Jumamosi ni sini ya tume: meza moja, taa moja, wajomba watatu. Wawili wako tayari. Wa tatu amekubali kukaa, ila ripoti asome mwingine.