Kispest, Alikozaliwa Mészáros

Treni ya kutoka Vienna iliingia stesheni ya Keleti, Budapest, kabla ya adhuhuri. Njiani tulipita Győr na Tatabánya, mashamba yameshavunwa, ukungu umelala juu ya udongo. Begi la nguo nililitupia juu; la kamera nililipakata safari nzima.

Kazi yangu ni kupiga video za arusi, Tanga. Niliingia kazini humo kwa sababu upande wa wanawake mwanamume hapiti: siku ya kumsinga bi arusi, usiku wa hina, somo na mwari wake chumbani. Wenye shughuli walitaka mwanamke anayejua kushika kamera, wakaniita. Vyumbani humo ndimo nilimojifunza kusubiri, kwa kuwa uso wa mwanamke hausemi ukiharakishwa. Ndiyo maana siku nilipotazama Örökbefogadás, filamu ya mwongozaji wa Hungaria, Mészáros Márta, nilihisi kama nimemkuta mtu wa kwetu. (Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, na Mészáros maana yake ni mwenye bucha.)

Jina la filamu ni kuasili mtoto. Kata, mjane wa miaka 43, mfanyakazi wa kiwandani, anatamani kuzaa na mwanamume mwenye mke wake. Anazoeana na Anna, binti aliyetoka kituo cha kulelea watoto. Kisa ndicho hicho. Kilichonishika ni kamera ya mpiga picha wake, Koltai Lajos: inasogea hadi usoni, rangi ni nyeusi na nyeupe tu, inatulia hapo hata mtu asiposema neno. Mwaka 1975 filamu hiyo ilipewa Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin. Kabla ya hapo hakuna mwongozaji mwanamke aliyewahi kuipata tuzo hiyo.

Kutoka Keleti nilitembea kwa miguu barabara ya Rákóczi hadi jumba la sinema la Uránia, namba 21. Nilitaka kuliona paa lake, kwani huko juu ndiko ilikopigwa A táncz, filamu ya ngoma, mwaka 1901, na Wahungaria huhesabu sinema yao tangu hapo. Paa lenyewe huwezi kuliona ukiwa barabarani. Niliyaona madirisha yenye matao na nakshi, nikayatazama sana, maana kwetu pwani tao na nakshi tumezaliwa navyo.

Nikapanda metro Astoria, nikabadilisha Deák tér, nikachukua mstari wa buluu hadi Határ út. Hapo ndipo Kispest inapoanzia. Mészáros alipozaliwa hapa, tarehe 19 Septemba 1931, Kispest ulikuwa mji wake wenyewe; Budapest iliumeza mwaka 1950.

Hakukaa sana. Baba yake, László, alikuwa mchongaji sanamu, na mwaka 1936 aliihamishia familia Kirgizia, katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1938 watu wa Stalin walimkamata. Hakurudi. Vita vikiendelea mama naye akafariki, na mtoto akabaki mikononi mwa mlezi. Alirejea Hungaria mwaka 1946, kisha akaenda Moscow kusomea filamu, akamaliza mwaka 1956.

Hayo yote aliyaweka katika filamu yake Napló gyermekeimnek, iliyotunukiwa katika tamasha la Cannes mwaka 1984. Binti Juli analelewa na Magda, mkubwa wa chama cha kikomunisti, nyumba nzuri, chakula tele, naye anatoroka shule kwenda sinema kwa pasi ya Magda. Hapo nililia. Mimi nililelewa na mama mdogo, mama mwema kabisa, Mungu amrehemu, lakini najua shibe isiyofika moyoni, na najua mtoto anavyotafuta kwenye picha sura asiyoikumbuka vizuri.

Nilitembea Wekerle, mtaa waliojengewa wafanyakazi wa serikali kuanzia 1908. Nyumba ndogo, bustani, miti kila upande, na katikati uwanja wa Kós Károly wenye malango ya paa refu lililochongoka. Nyumba aliyozaliwa Mészáros sikuitafuta. Nilikaa kwenye benchi.

Bibi mmoja alikuwa kaketi benchi la pili na kikapu cha matofaa. Nikamwamkia, "Jó napot," Kihungaria changu chote. Nikamwonyesha kamera, nikaweka mkono kifuani kumwomba ruhusa. Akacheka, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akavuta kikapu karibu. Kisha akasahau kama nipo. Akatwaa tofaa, akalifuta kwa kiganja, macho yakaenda mbali, yakarudi, midomo ikatikisika kidogo kama anayehesabu. Jua la Oktoba lilikuwa linashuka nyuma ya malango. Sikumsogelea wala sikuizima kamera, mpaka mwenyewe alipogeuka akanipa tofaa.