Nyumba yetu ya Shela imetangazwa turathi

Alhamdulillahi. Ile nyumba kongwe ya mawe ya upande wa mama, hapa kijijini Shela, Lamu, imetoka kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa jengo la turathi linalolindwa. Nimelia.

Wengi walitushauri tuivunje tujenge ghorofa. Sisi tukaamua kuikarabati, na mafundi wetu wazee hata saruji waliikataa. Jiwe la matumbawe linapumua. Ukilifunika kwa saruji, unyevu na chumvi hunasa ndani na ukuta huliwa taratibu. Basi ikawa ni chokaa tu, na dari ikarudishiwa boriti za mkoko. (Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti hizo: upana ni pale boriti inapofika, mita tatu hivi.) Zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi, zilikuwa zimemong'onyoka vibaya. Fundi mmoja alizikalia kutwa, akifuata nakshi ileile ya chokaa kidogo kidogo. Sijaona subira kama ile.

Mji wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, hilo twalijua. Ila kuiona nyumba ambayo nyanya alizaliwa ikipewa hadhi yake yenyewe ni furaha nyingine. Kwa sheria ya turathi ya 2006, hakuna wa kuibomoa wala kuigeuza bila idhini. Ni mzigo kwa wenye nyumba, naam, na nimeukubali kwa moyo mweupe.

Mafundi wetu, Mungu awape afya. Mwenye kutaka kuiona apige hodi, karibuni sana.