Lipu ya saruji

Assalaam alaykum ndugu zangu katika imani.

Juzi masika yalinikuta njiani nikitoka benki Shangani, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Nilipita Forodhani, nikaiombea dua Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, na waliofia pale upande wake ulipoporomoka Desemba 2020, na nilipofika Mizingani mvua ikazidi. Nikajibanza barazani, karibu na forodha ya zamani.

Fedha ya mji huu ilipita pwani ile. Karafuu na pembe za ndovu zilitozwa ushuru pale, na binadamu wenzetu walishushwa majahazini kupelekwa sokoni Mkunazini, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Mwenyezi Mungu atusamehe. Kuta tunazozisifia zimetokana pia na fedha ile.

Barazani nilimkuta mzee mmoja, fundi mwashi. Alibonyeza ukuta kwa kidole gumba, kipande cha lipu kikabanduka kizima, kigumu kama sahani. Nyuma yake chokaa ilikuwa tepetepe, na ncha ya boriti imeoza hata kidole kinazama.

"Jiwe la matumbawe hunywa maji, mwanangu," akaniambia. "Chokaa huyaachia yatoke. Hawa wamepiga saruji nyumba ipendeze, maji yamekosa njia, sasa yanaila kwa ndani."

Nikaikumbuka aya ya 264 ya Suratul Baqara: anayetoa mali yake ili watu wamwone ni kama jabali lenye udongo juu yake, likapigwa na mvua kubwa, ikaliacha tupu. Ramadhani iliyopita nilimpelekea futari jirani yangu mjane. Nilisimama na sinia mpaka watu wakaanza kutoka msikitini, ndipo nikabisha hodi. Futari ililiwa, alhamdulillahi. Ila nilipoutazama ukuta ule nilijua mimi nilikuwa nimepiga lipu ya namna gani.

Hatua chache kutoka pale lipo jengo la Tharia Topan, tajiri aliyewahi kuwa mkuu wa forodha zama za Sultan Barghash. Alilianzisha liwe hospitali ya maskini, akafariki mwaka 1891 halijakwisha, mjane wake akaliendeleza. Nia yake anaijua Mola. Mimi hunigusa kwamba alitoa na hakuwahi kusimama mbele yake likiwa limekwisha.

Mvua ilipopungua nilimuuliza mzee kama ufa ule hauwezi kuzibwa tu kwa sasa.

"Hauzibwi," akasema. "Saruji yote ibanduliwe kwanza, ukuta uachwe wazi ukauke. Utakuwa mbaya kuutazama, lakini ndivyo."

Akaendelea kubandua.