Siku Niliyomtazama Kipa Peke Yake

Kila aliyekuwa uwanja wa Gymkhana, mtaani Ngara, Nairobi, Jumatatu ile, Februari 24, 2003, Kenya ilipocheza na Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia la kriketi, atakusimulia habari za mrushaji wetu Collins Obuya. Wiketi 5 kwa mikimbio 24, yaani aliwatoa wapigaji watano na kuwaachia alama 24 tu, Sri Lanka chali, Nairobi ikapagawa. Nami nilikuwepo, lakini Collins nilimwona kwa kuibia tu. Mjomba alikuwa amenikataza.

Mjomba alikuwa kipa, yule anayedaka mipira nyuma ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, kwenye ligi ya wikendi mpaka vidole vyake vikagoma kunyooka. Akishika kikombe cha chai, kidole cha mwisho kilibaki kimechomoza nje, utadhani bwana wa Kizungu. Yeye ndiye aliyeniombea ruhusa nisiende shule. Mama akauliza kama kriketi itanilisha. "Dada," akajibu, "Kombe la Dunia limekuja lenyewe mpaka Ngara. Limfuate mtoto chumbani tena?"

Watu walifika na hamu ya siku mbili. Ijumaa iliyotangulia New Zealand walitakiwa kucheza Nairobi, wakakataa kuja kwa sababu ya usalama. Shambulio la kigaidi la Kikambala, karibu na Mombasa, lilikuwa halijatimiza hata miezi mitatu. Kenya ikapewa pointi za bure, na mashabiki wakabaki hawana mchezo wa kutazama. Sri Lanka walipokubali kuja, nadhani tungewashangilia hata kama wangetufunga.

Na ilionekana watatufunga. Siku kumi kabla ya hapo, kule Pietermaritzburg, mrushaji wao Chaminda Vaas alikuwa amewatoa Wabangladesh watatu kwa mipira mitatu ya kwanza ya mechi. Huyo ndiye aliyekuwa anamsubiri Kennedy Otieno, mpigaji wetu wa kufungua mchezo. Kennedy akamvumilia, akampiga, akafikisha mikimbio 60. Hakuna mwingine kwetu aliyefika huko. Muralitharan wa Sri Lanka alichukua wiketi 4, tukamaliza na mikimbio 210, tisa wetu wametolewa. Nyuma yetu mzee mmoja aliyekuwa anakula chevda kutoka kwenye karatasi akatangaza kwamba 210 ni chakula cha mchana cha Jayasuriya, mpigaji wao hodari.

Wakati wa mapumziko Mjomba alininyanyua, tukahamia ubavuni mwa uwanja, mahali ambapo vijiti unaviona kwa pembeni. "Ken amepigwa na jua asubuhi nzima," akasema, "na sasa anavaa pedi nyingine akachuchumae kama kipa. Huyo ndiye utakayemtazama. Mpira achana nao."

Ni adhabu hiyo. Jaribu kutazama kriketi bila kuufuata mpira uone. Ova za kwanza (ova ni mipira sita) shingo yangu ilikuwa inageuka yenyewe, na kila ikigeuka napigwa kofi dogo la kisogo. Kwa warushaji wa kasi Kennedy alisimama mbali nyuma, na mimi sikuona la ajabu. Ni Collins, mwenye mipira ya polepole ya kuzungusha, alipopewa mpira ndipo nilipoanza kuelewa. Kennedy alisogea mpaka akawa pua na vijiti, akachuchumaa, uzito wote kwenye vidole vya miguu, migongo ya glavu ikigusa nyasi. Collins ni mrefu, na mpira wake ulipotua uliruka juu kuliko mtu alivyotarajia, tena ukikata pembeni. Kipa akiinuka mapema, mpira unapita chini yake. Akichelewa, unamkuta kifuani. Na pale hasa anapotaka kuuona, mpigaji na gongo lake wamemziba.

Kennedy hakuinuka mpaka mpira utue. Halafu akapanda nao, kidevu kikifuata mikono, na mikono ikarudi nyuma kidogo hadi nyongani wakati wa kupokea. Ndiyo maana hukusikia kishindo. Mjomba alisema kishindo kwenye glavu ni dalili ya kipa anayepigana na mpira. Sijui kama ni kweli kwa kila kipa, ila kwake ilikuwa kweli.

"Hao ni ndugu, unajua?" akaniambia. Nilikuwa sijui, majina yao yalinipoteza. Kennedy ndiye mkubwa. Kwa Mjomba hilo lilieleza kila kitu: mkono wa mdogo wako unausoma tangu nyumbani.

Mpigaji wa Sri Lanka, Aravinda de Silva, alipotolewa na Collins akiwa na mikimbio 41, jukwaa zima liliinuka likanifunika. Mjomba akanipandisha juu ya kiti, nikadhani nami nishangilie. "Ken amesimama wapi?" akauliza.

Sri Lanka waliisha kwa mikimbio 157, ova 45. Mipira 270, na kila mmoja mtu mmoja amechuchumaa na kuinuka, bila kuhesabu mbio za kurudi kwenye vijiti kupokea mipira inayotupwa kutoka mpakani. Wachezaji walizunguka uwanja wakipunga mikono, watu wakawa wanaita Collins, Collins.

Kwenye matatu Mjomba alinihadithia Pune, India, Februari 29, 1996: tulivyowatoa West Indies wote kwa mikimbio 93, na Tariq Iqbal, kipa wetu mnene mwenye miwani ambaye watu walimcheka, alivyomdaka mpigaji wao nyota Brian Lara. Makonda akaacha kudai nauli ili asikilize. Ukweli ni kwamba kwetu Kenya, kipa aliyeishi kwa glavu zake tu utamtafuta kwa tochi mchana, na Mjomba mwenyewe alikuwa karani wa ghala. Hilo halikumzuia kuongea juu ya ukipa kana kwamba ni kazi ya ofisi.

Wiki ile ile kila kijana mtaani kwetu akawa mrusha mipira ya kuzungusha, kiganja kikipindwa hewani hata njiani kwenda dukani. Glavu za timu zilikaa kwenye gunia bila mwenyewe, nikazichukua bila kugombana na mtu. Jioni Mjomba akaniweka uani mbele ya ukuta, na mpira wa tenisi, yeye juu ya kreti ya soda na kikombe chake.

"Magoti yanauma?"

"Yanauma, Mjomba."

"Vizuri. Hiyo ilikuwa ova ya tatu."